Maji ya Lambo Katika Injini ya Ndege

Wanangu mnaoanza kazi ya injini, msifungue kifuniko cha tangi la maji injini ikiwa na moto. Ninalisema hili mwanzo kabisa ili hata atakayechoka kusoma hapa hapa awe ameondoka na uso wake mzima. Mengine yanaweza kungoja.

Kazi ninayotaka kuwasimulia haina mvuto. Wageni wa hoteli za Diani walikuwa wakija hadi uzio wa uwanja wa Ukunda kupiga picha ndege ikiruka. Hakuna aliyewahi kuingia karakana kunipiga picha nimelala chali chini ya pua ya ndege, beseni ubavuni, nikikinga maji machafu ya injini. Lakini nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na magoti yaliponilazimisha kuiacha, niliiacha nikijua kwamba hakuna injini niliyoijaza maji ikamwangusha mtu porini. Ninalisema bila haya. Majivuno ni kudai usilolifanya, na hili nililifanya.

Jina langu ni Mwanakombo, mzaliwa wa Msambweni. Sikusomea ndege. Nilianza kwa kutengeneza mashine za kufulia katika hoteli moja ya Diani, na kilichonifundisha kazi kuliko chochote huko ni chokaa. Maji ya visima vyetu yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe. Ukiyaonja ni matamu, ukiyatazama ni safi, lakini yamebeba jiwe ndani yake. Funua birika la nyumbani kwenu utazame chini. Ule ukoko mweupe mama yangu alikuwa akiukwangua kwa kijiko na kunung'unika, "Birika hili limeota meno tena." Vyuma vya kuchemshia maji katika zile mashine vilikuwa vikivaa ukoko uo huo, vikishindwa kutoa joto lake nje, vikijiunguza vyenyewe. Nilibadilisha vingi mpaka nikaanza kujiuliza maswali, na maswali ndiyo yaliyonitoa hotelini.

Fundi Mutua, aliyekuwa mkuu wa karakana ya ndege, alinijaribu kwa swali moja tu. Alikuwa mhandisi mwenye leseni, mtu wa Machakos. Yeye aliteremka pwani akiwa kijana. Kiswahili chake kilibaki Machakos.

"Hii injini inakunywa maji," aliniambia, akigonga bomba la mpira kwa kidole. "Wewe ungeiwekea maji gani?"

"Yoyote isipokuwa ya kisima," nikamjibu.

"Na ya mvua?"

"Ya mvua yamepita kwenye paa. Ningetaka kwanza kuliona paa."

Alicheka hadi akashika kiuno. Wiki iliyofuata nikaanza kazi.

Injini ya ndege ndogo kama ile yetu ya viti viwili hupozwa kwa njia mbili. Silinda zake hupozwa na upepo, lakini vichwa vya silinda, ambako moto ni mkali zaidi, hupozwa na maji yanayozunguka. Pampu huyasukuma kutoka chini, yanapita kwenye vijia vyembamba vya vichwa, yanapanda tangini, yanateremka kwenye rejeta mbele ya upepo, kisha yanarudi kuanza upya. Tunayaita maji lakini si maji matupu. Nusu yake ni dawa maalumu, kulanti, ambayo huzuia kutu na huzuia kuchemka mapema. Ina rangi ya samawati au ya kijani, au nyingine, kulingana na aliyeitengeneza. Msichanganye aina mbili kwa sababu tu rangi zinafanana. Nimewahi kuona mchanganyiko wa namna hiyo ukiganda kama uji wa jana, na aliyeuchanganya akatumia siku nzima kuutoa kwa kijiti.

Nusu ya pili ni ile ambayo maduka ya vipuri huiita maji ya betri: maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, yakaacha mawe yake nyuma. Hapa pana mtego. Chupa ikiandikwa hivyo haina maana kwamba ndani mna hivyo. Nilikuwa nikidondosha tone moja juu ya kipande cha kioo safi, nakiweka juani, nangoja. Maji ya kweli hukauka yakaondoka yote. Yakiacha duara jeupe, hata liwe hafifu kama pumzi, nilikuwa nikiyarudisha dukani. Wenye maduka ya Ukunda walinijua. Mmoja alikuwa akiniona kwa mbali akiita, "Haya, bibi wa kioo amefika, ficheni zile za bei rahisi!"

Jambo jingine la kulanti ni utamu wake. Ni sumu, lakini ni tamu, na mbuzi hajui kusoma. Usiimwage chini. Na mtungi wake wa plastiki usimpe mtu, hata akikulilia. Sisi watu wa Kwale hatutupi mtungi. Mtungi ni mali, unachota maji, unatunza mafuta, unaazima jirani. Mgema mmoja aliyekuwa akigema minazi nyuma ya uwanja alikuwa akija karakana kila tunapomaliza kumimina, anasimama mlangoni na kofia yake mkononi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Fundi, huo mmoja tu. Nitausuuza kwa maji moto."

Mutua alikuwa akichukua bisibisi na kuutoboa mtungi mbele yake, huku na huku.

"Unaua mtungi mzima, Fundi! Mzima kabisa!"

"Afadhali kufa mtungi kuliko kufa mtu anakunywa mnazi yako."

"Wateja wangu ni wagumu, hawafi ovyo."

"Hao wagumu wataanza kufa vizuri sasa."

Walikuwa wakitaniana hivyo hadi mgema anaondoka akicheka. Lakini mtungi ulikuwa umekufa kweli, na ndivyo ilivyotakiwa.

Sasa niwaeleze kazi moja ambayo naiweka juu ya nyingine zote.

Ile ndege ya viti viwili ilikuwa na shughuli yake maalumu. Asubuhi nyingi ilikuwa ikiruka kutoka Ukunda hadi nchi kavu ya bara ya Kwale, kuanzia Kinango kwenda hadi Taru, kutazama ndovu walipo. Wakati wa kiangazi ndovu hufuata maji, na maji yako karibu na watu, kwa hiyo huishia mashambani. Rubani akiwaona wanaelekea upande wa mashamba huwapigia simu askari wa wanyamapori na wenye mashamba. Askari huja na gari na kuwageuza kabla hawajafika. Ndege ikilala, watu wa kule wanalala macho.

Rubani alikuwa Kimani, kijana aliyekulia Nairobi, mpole, mwenye mikono mizuri ya kushika ndege. Siku ninayoisimulia alirudi mchana badala ya asubuhi, akazima injini, akabaki ameketi ndani. Nikajua kuna habari.

"Anti," akaniambia, "ilinichemkia kule."

Akaeleza. Alikuwa juu ya mashamba ya Kinango alipoona mshale wa joto unapanda. Akatua kwenye kiwanja cha changarawe kilicho karibu. Akakuta klipu moja ya bomba la maji imeliwa na kutu na imelegea, na maji yameteremka tumboni mwa ndege. Mnaoishi karibu na bahari mnajua: hewa yetu ina chumvi, na chumvi haichagui bati la nyumba wala klipu ya ndege. Akaikaza kwa waya. Lakini tangi lilikuwa limepungua sana na hakuwa na maji.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja, Mama Nyamvula, ambaye shamba lake la mahindi linapakana na kile kiwanja. Alikuwa ametoka lamboni, lile bwawa la kuchimbwa ambako watu na mifugo wa kule hupata maji, na njia yake si fupi. Aliutua mtungi. Akampa Kimani maji ya kunywa kabla ya kumwuliza habari, kwa sababu kwao mgeni hunyweshwa kwanza, na mnyama aliyemleta mgeni hunyweshwa pia. Alipokwisha kunywa akamwuliza, "Na huyu ndege wako, hanywi?"

"Ningemwambia nini, anti?" Kimani akaniuliza. "Injini ina kiu kweli, na mama anachota kwa kata anamimina mwenyewe. Nilingoja ipoe kwanza, hilo nilifanya. Halafu nikaacha amimine."

Nikamwambia alifanya sawa. Na ndivyo ninavyoamini hadi leo. Kuruka na tangi nusu ni kujiua, na maji machafu kwa safari moja fupi, polepole, jicho kwenye geji, ni jambo ambalo injini inaweza kulivumilia. Kilichobaki ni kwamba isivumilie zaidi ya hapo.

"Sasa," Kimani akasema, "tumwage, tutie mpya, nirudi leo leo. Ndovu wako ng'ambo ya lambo. Kundi kubwa. Mahindi ya yule mama yamekauka, wiki hii wanavuna. Nimemwahidi."

Fundi Mutua alikuwa amesimama nyuma yetu akifuta mikono. Hadi siku hiyo nilikuwa nimefanya kazi chini ya jicho lake. Akanitazama mimi, si Kimani.

"Hii ni ya Mwanakombo," akasema. "Akisema imekwisha nitaangalia, nitasaini. Kama hajasema, mimi sina kalamu."

Akaenda kuketi kwenye kreti, akafungua chai yake.

Nililaza beseni, nikafungua skurubu ya chini ya pampu. Kulanti yetu ilikuwa ya samawati. Iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilikinga kidogo kwenye chupa ya kioo nikaiacha itulie, na chini ya chupa likakaa tope laini kama unga wa muhogo. Niliwaza vile vijia vya vichwa vya silinda, vyembamba kuliko kidole changu kidogo, na tope hilo likitulia ndani yake na kupikwa hadi liwe tofali.

Nikamwambia Kimani, "Leo huendi."

"Anti, si umeshaitoa?"

"Nimeitoa inayotoka yenyewe. Nyingine imeshikamana kwenye kuta. Nikitia mpya sasa nitakuwa nimeichafua mpya."

"Itaenda hata hivyo! Ilinileta na uchafu wote, mpya itanipeleka na nusu ya uchafu."

"Ilikuleta ikiwa inaungua polepole. Ukitaka ikulete mara moja nyingine, nenda. Ukitaka ikulete mwaka mzima, ngoja."

"Na mahindi ya watu?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Upande mmoja kulikuwa na shamba ambalo ndovu wangeweza kulimaliza kabla ya kucha, shamba la mtu aliyejinyima maji yake akatupa sisi. Upande mwingine kulikuwa na Kimani, juu ya vichaka vya Taru, na injini iliyoziba. Nilivipima nikaona shamba linaweza kulindwa na watu walio pale. Kimani angelindwa na klipu zangu na maji yangu basi.

"Mpigie," nikasema. "Mwambie kweli."

Akampigia, simu ikiwa kwenye spika ili nami nisikie. Mama Nyamvula akapokea mwenyewe.

"Shikamoo mama. Ni mimi, yule wa ndege."

"Marahaba mwanangu. Mbona kimya angani? Ndege anaumwa?"

"Anaumwa mama. Fundi anamwosha tumbo. Leo sitaweza kuja."

Kukasikika kuku, na mtu akiuliza jambo kwa mbali.

"Basi msimharakishe," akasema. "Mgonjwa hatolewi kitandani. Sisi tutapiga madebe na kuwasha moto pembeni. Tulikuwa tukifanya hivyo kabla hujazaliwa."

Kimani akakata simu, hakunitazama. Nikarudi chini ya ndege.

Kuosha mfumo wa maji hakuhitaji akili nyingi. Kunahitaji mtu asiyejidanganya. Niliondoa mabomba yote ya mpira, nikayasafisha mbali, mawili nikayatupa na kuweka mapya kwa sababu yalikuwa yameanza kupasuka mbavuni. Klipu zote nikaweka mpya za chuma kisichoshika kutu, hata zile ambazo zilionekana nzima, kwani zilizaliwa siku moja na ile iliyokufa. Kisha nikajaza maji ya betri matupu, nikawasha injini ipate joto, nikazima, nikangoja ipoe, nikamwaga. Yalitoka na rangi ya chai hafifu. Nikajaza tena. Kila mara nilikuwa nikikinga kwenye chupa ya kioo na kuiweka mwangani kando ya chupa ya maji ambayo hayajaingia. Wakati wa kuacha ni pale usipoweza kutofautisha chupa mbili hizo. Kabla ya hapo, uchovu wako si kipimo.

Maji yakatuishia. Kimani akapanda bodaboda kwenda mjini, akarudi amekumbatia chupa kifuani kama mtu aliyetoka sokoni na kuku. Nikadondosha tone kwenye kioo.

"Anti, tafadhali."

"Ngoja likauke."

"Ni maji! Yote ni maji!"

"Na ya bahari pia ni maji. Mbona hukuteka hapo ufukweni, ni karibu?"

Kule kwenye kreti Fundi Mutua akapaliwa na chai. Tone likakauka, likaacha duara. Kimani akalitazama lile duara muda mrefu, kisha akapanda tena bodaboda. Mara ya pili alirudi na chupa nzuri, na kipande cha kioo cha dirisha alichokiokota njiani. Alikuwa ameyapima mwenyewe kule kule dukani. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Chupa mbili zilipofanana nikafunga skurubu ya chini na washa mpya, ile pete bapa ya shaba inayozuia kuvuja. Washa ya shaba hulainika na kujifinyanga mara moja tu. Ukiirudisha ya zamani inakudanganya kwa siku chache halafu inadondosha. Nikakaza kwa spana ile inayopima nguvu ya mkono. Nikachanganya kulanti na maji katika ndoo pembeni, nikamimina tangini taratibu, huku nikibinya mabomba kwa mkono ili hewa ipande.

Tukawasha. Mshale ukapanda vizuri, ukafika mahali pake, ukapita. Nikazima mara moja.

"Nini tena?" Kimani akauliza, na sauti yake haikuwa na hasira safari hii, ilikuwa na hofu.

Nikamtazama Mutua. Akatazama paa. Mzee huyo alijua kunyamaza kuliko wote niliowajua, na kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo shule yenyewe. Nikajiuliza: maji yapo, pampu ni nzima, rejeta ni safi, mabomba ni mazima. Kinachoweza kukaa mahali pa maji na kuyazuia ni hewa. Povu moja la hewa lililojificha kwenye kona ya juu, na maji hayalipiti.

Tulingoja injini ipoe kabisa. Kisha nikamwomba Kimani aukandamize mkia wa ndege kwa uzito wake wote, pua ikainuka hadi tangi likawa juu kuliko kila kitu kingine. Nikafungua kifuniko, nikabinya bomba la chini, nikabinya tena. Tangi likapiga kwikwi kubwa, na maji yakashuka.

"Amecheua!" Kimani akapiga kelele kutoka mkiani. "Anti, amecheua!"

Nikaongeza hadi alama. Tukawasha. Mshale ukapanda, ukafika mahali pake, ukakaa. Tuliiacha ingurume huku sote watatu tukiutazama ule mshale kama watu waliofunga wanavyotazama jua la magharibi. Haukutikisika.

Nikazima, nikapapasa kila kiungo kwa kidole kikavu. Kisha nikamgeukia Fundi Mutua, nikasema, "Imekwisha."

Akaja akakagua kila kitu kuanzia mwanzo, bila kuruka, kana kwamba hakuwa akinitazama siku nzima. Alipomaliza akatoa kalamu.

Katika karakana yetu palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Aliyeifunga injini hukaa kiti cha pili safari ya kwanza. Mutua alikuwa akisema ndiyo leseni ya kweli, ile nyingine ni ya serikali. Asubuhi iliyofuata nilifunga mkanda kando ya Kimani. Sikuwahi kuruka kabla ya hapo. Mama yangu, aliposikia, aliniletea ubani na dua ndefu, na akaniuliza kama ile kazi yangu ya mashine za kufulia bado ipo.

Tulipaa, tukazunguka juu ya Diani, tukarudi kutua, nikafungua boneti nikatazama. Hapakuwa na tone. Tukapaa tena kuelekea bara.

"Anti, tazama nje," Kimani akaniambia. "Dunia nzima iko chini yako."

"Dunia haivuji," nikamjibu. "Ninatazama geji."

Lakini nilitazama. Minazi ilikwisha, vilima vya kijani vikapita, kisha nchi ikageuka nyekundu na njia za ng'ombe zikawa zinaelekea zote mahali pamoja, lamboni. Ndovu walikuwa ng'ambo, wametawanyika, wengine wamejipaka tope. Na shamba la Mama Nyamvula lilikuwepo. Kona yake ya chini ilikuwa imelazwa, mabua yamekanyagwa hadi yakaonekana kama mkeka. Sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Kimani akawapigia askari akawaeleza kundi lilipo. Tulizunguka hadi tukaona vumbi la gari lao likija, na ndovu wakaanza kugeuka. Ndipo tukatua.

Mama Nyamvula alikuja kiwanjani akitembea bila haraka, mtungi kichwani na kata mkononi. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi na kukosa usingizi. Nyuma yake shambani watu walikuwa tayari wanavunja mahindi.

Nikamwamkia. Nikamwambia mimi ndiye fundi niliyeizuia ndege jana, na kwamba nimeiona ile kona.

"Ah," akasema, akiutua mtungi. "Wamekula sahani moja. Sufuria imebaki." Kisha akaitazama ndege kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyepona. "Maji yetu yalimfaa?"

Kimani akanitupia jicho. Alijua mimi si mtu wa kusema uongo kuhusu injini, hata kwa adabu.

"Mama," nikasema, "bila maji yako asingefika nyumbani."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachota kata iliyojaa, akaisogelea pua ya ndege. "Basi mfungulie kinywa anywe tena. Ametoka mbali."

Kimani akafungua mdomo kusema. Nikamtangulia, nikapokea kata kwa mikono miwili.

"Yeye ameshiba, mama. Mwenye kiu ni mimi."

Yalikuwa na chumvi kidogo na ladha ya udongo, na yalikuwa ya baridi. Niliyanywa yote bila kupumzika, nikamrudishia kata tupu. Kisha nikafungua boneti ili naye aone, nikapitisha kidole kwenye klipu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa kavu.